Samaki mkubwa usiyemwona: mwongozo wa mshipi wa mkono

Swali huja lilelile, liwe limetoka Msambweni, Kigombe au Nungwi. "Nilikuwa navua changu, ghafla kikashika kitu kizito, mshipi ukanichana vidole, halafu ukakatika. Kilikuwa nini? Na ningefanyaje?" La kwanza nitakusaidia kulikisia huko chini. La pili lina jibu ambalo wengi hawalipendi: mshipi ukishaanza kukukimbia mkononi, wakati wa kujiandaa umepita. Samaki wa namna hiyo hushindwa au hushinda kwa namna ulivyoulaza mshipi ndani ya chombo, ulikoufunga mwisho wake, na fundo lililopo kwenye ndoana. Nguvu za mikono zina sehemu yake, lakini ni ndogo kuliko vijana wanavyodhani.

Maelezo haya ni ya mshipi wa mkono, ukiwa kwenye ngalawa, mashua au boti ya faiba, ukingoni mwa mwamba au kwenye kina cha mita 30 hadi 100. Anayevua kwa fimbo ana breki kwenye mashine yake. Wewe breki yako ni vidole.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Mshipi wa nailoni wa uzi mmoja, unene wa milimita 1 hadi 1.2, urefu usiopungua mita 200. Nailoni mpya ya milimita 1 iliyo nzuri hubeba kiasi cha kilo 45 kabla ya kukatika. Hesabu hiyo ni ya mshipi usio na fundo na usiochomwa na jua. Wako utabeba pungufu. Ule uzi mwembamba wa kusokotwa, unaosifiwa dukani kwamba haukatiki, usiushike kwa mkono. Kweli haukatiki. Kinachokatika ni kidole.

Ndoana. Namba zake huwachanganya wengi. Kutoka 20 kushuka hadi 1, namba ikipungua ndoana inakua. Ikipita 1 huandikwa na sifuri pembeni, 2/0, 5/0, 10/0, na hapo namba ikipanda ndoana nayo inakua. Kwa kazi hii chukua 6/0 hadi 10/0. Napendelea ile ya mviringo, ambayo ncha yake imegeukia ndani kuelekea shina, kwa sababu mara nyingi humshika samaki pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni.

Kipande cha mwisho, kati ya mshipi na ndoana. Kwa chewa, kungu na kolekole weka nailoni nene zaidi, milimita 1.5 au 2, urefu wa pima moja, yaani karibu mita 1.8. Kwa nguru, mzia na papa weka waya wa nusu mita, maana meno yao hayaheshimu nailoni. Ukimtaka jodari, waya uache nyumbani: ana macho makali na ataupita.

Swiveli imara, ile pini inayozunguka ili mshipi usijisokote. Risasi za uzito tofauti, kuanzia gramu 300 hadi 800, maana mkondo wa asubuhi si wa adhuhuri.

Dumu la lita 10 lenye kifuniko kinachobana, la rangi inayoonekana mbali, likiwa na kamba ya mita mbili. Hili ndilo boya lako, na ni muhimu kuliko ndoana ya bei ghali.

Glavu ngumu. Ukikosa, kata tyubu kuukuu ya baiskeli, vipande vya kuvaa kwenye vidole vya shahada na vya kati.

Visu viwili vikali, kimoja tezi (nyuma ya chombo), kimoja omo (mbele), vyote mahali unapofikia ukiwa umekaa. Kisu kilichomo ndani ya mfuko uliofungwa ni sawa na kutokuwa nacho.

Kisha kulabu yenye mpini wa zaidi ya mita moja, rungu, beseni pana, barafu, maji ya kunywa, jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, na mwenzako. Peke yako usijaribu. Mikono miwili haitoshi kushika mshipi, kupanga mshipi na kushika kulabu.

Leseni na ruhusa zishughulikie nchi kavu. Kenya uliza BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya ufuo wenyewe. Tanzania Bara na Zanzibar kila upande una mamlaka yake ya uvuvi, na wazee wa diko, pale vyombo vinapotia, watakuelekeza. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, yapo maeneo yasiyoruhusiwa kuvuliwa kabisa, kwa hiyo uliza mipaka kabla ya kutia nanga.

Kuhusu wakati: anayeanza achague maji mafu, yasiyopanda na kushuka sana, mwezi ukiwa na siku saba hadi tisa, au ishirini na moja hadi ishirini na tatu. Kwenye bamvua, mwezi mchanga au mpevu, pwani yetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Mkondo wake huibeba risasi, mshipi ukapinda chini ya maji, nawe usihisi kitu. Ndani ya siku yenyewe, saa nzuri ni maji yanapokaribia kusimama, yakiwa yamejaa au yamekupwa. Na kusi ikiwa imechachamaa, kaa nyumbani ushone nyavu. Ikilegea, kuanzia Agosti na kuendelea, jodari hupita kwenye mkondo wa Pemba na kazi huwa na maana zaidi.

Hatua

1. Laza mshipi kwenye beseni. Anza na mwisho utakaofungwa kwenye dumu, uwe chini kabisa, ukimalizia na upande wa ndoana juu. Laza kwa mizunguko mipana bila kushindilia. Nyunyizia maji ili mizunguko isichezewe na upepo. Kisha liweke beseni mahali ambapo hakuna mtu atakayepita.

Onyo: usiweke mguu ndani ya tanzi la mshipi, hata kwa sekunde moja. Samaki mkubwa akiondoka, tanzi hukaza kwenye kifundo cha mguu kabla hujapiga kelele. Namna hii watu huvutwa majini.

2. Funga mwisho wa mshipi kwenye dumu. Si kwenye chombo, si kiunoni, si kwenye kifundo cha mkono. Ngalawa iliyofungiwa mshipi upande mmoja inaweza kuzamishwa bawa na kupinduka. Dumu likienda majini hupotezi kitu: linaelea, linamchosha samaki, nawe unalifuata kwa kasia au mashine.

3. Funga ndoana kwa fundo moja unalolijua vizuri. Pitisha nailoni tunduni, izungushe juu ya mshipi wenyewe mara nne au tano, rudisha ncha ndani ya kitanzi kilicho karibu na tundu la ndoana. Tia mate. Kaza polepole. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale fundoni, na wengi wanaolalamika kwamba mshipi wa dukani ni mbovu walikaza kavu. Halafu itie ndoana kwenye kipande cha mti na uvute kwa nguvu zako zote. Fundo likiteleza, afadhali liteleze sasa.

4. Pitisha mita tano za mwisho za mshipi kati ya vidole. Ukihisi mkwaruzo, kata. Usimwonee huruma mshipi uliokwaruzika.

5. Tia nanga, na kamba yake uifunge boya. Akishika mkubwa, mwenzako anaitupa kamba yote nje na chombo kinakuwa huru. Ukiendelea kukaa kwenye nanga, samaki atazunguka kamba yake mara mbili na hapo hadithi imekwisha.

6. Tia chambo. Kibua hai mtoboe mgongoni, mbele ya pezi la juu, juu juu bila kugusa uti, apate kuogelea. Ngisi mtie mzima. Ncha ya ndoana ibaki nje. Anayeanza hupenda kuificha kabisa ndani ya chambo, na kwa ndoana ya mviringo hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa inahitaji nafasi ya kugeuka.

7. Shusha kwa kuubana mshipi kidogo ili risasi isikimbie na kutatana na ndoana. Risasi ikigusa chini, pandisha pima mbili. Funga uzi wa rangi kwenye mshipi kila pima kumi, nawe utajua daima samaki yuko umbali gani.

8. Sikiliza. Mshipi ulale juu ya kidole cha shahada. Madono ya harakaharaka ni kikande na changu wadogo wanaomaliza chambo. Angalia pale wanaponyamaza wote kwa pamoja. Mara nyingi maana yake kuna mwenye mji amefika. Mkubwa hadoni, anakuja uzito mmoja. Pengine mshipi unalegea ghafla, kana kwamba risasi imekatika. Hapo vuta upesi, mkono juu ya mkono: amechukua chambo na anapanda nacho.

9. Mnase. Kwa ndoana ya mviringo usimshtue. Subiri uzito ukae, kisha kaza mfululizo bila kulegeza, ndoana itajigeuza yenyewe. Kwa ndoana ya kawaida, vuta mara moja tu, mvuto mrefu hadi mkono upite kichwa. Wa pili na wa tatu hupanua tundu tu.

10. Amua katika pumzi ya kwanza: unamzuia au unamwachia. Akielekea chini moja kwa moja, ni samaki wa mwamba na anakimbilia shimo lake. Mzuie kwa nguvu zote na umnyang'anye pima tano za kwanza. Hapa tu ndipo mabavu yanaruhusiwa. Akiondoka kwa ubavu, kuelekea maji mapana, mwachie. Hana shimo huko, na kila pima anayovuta anailipa kwa pumzi zake.

11. Breki. Bana mshipi kati ya dole gumba na vidole vilivyovaa glavu, mikono miwili, mmoja mbele ya mwingine. Ukiona moto, fungua kidogo na mwenzako amwagie maji. Unaweza kuupitisha juu ya ukingo wa chombo kuongeza msuguano, ila ukingo uwe mti laini uliolowa. Ukingo wa faiba uliopasuka hukata nailoni mara moja.

Onyo: usiuzungushe mshipi kiganjani. Najua umewaona mabaharia wakongwe wakifanya hivyo. Wakongwe hao waangalie na vidole vyao.

12. Zikibaki pima ishirini ndani ya beseni na hajasimama, tupa dumu. Usisubiri ziwe tano. Mwenzako aachie nanga, na mlifuate mkiwa upande wa juu wa mkondo.

13. Akisimama, anza kuvuta. Mvuto mrefu, kisha pumzika ukiwa umebana. Anapotikisa kichwa usivute, shika tu. Anapogeuka, mshipi huwa mwepesi kwa nukta chache. Hapo ndipo pa kuchukua pima tatu nne. Mwenzako anaurudisha mshipi kwenye beseni kwa mizunguko ileile ya mwanzo na miguu ya watu wote iko mbali.

Mkono unakwambia nini

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe, na ndipo vijana wanapopita haraka. Humwoni, lakini kila samaki ana mwendo wake, na kumjua mapema kunabadilisha unachofanya.

Chewa hupiga kishindo kimoja kisha anazama. Mitikisiko yake ni mipana na mizito, michache. Akikosa shimo katika pima kumi za kwanza, vita vinalegea, na kadiri anavyopanda hewa iliyo tumboni mwake inatanuka hadi mwishoni anaelea mwenyewe. Ila usimdharau: chewa wale wakubwa kabisa hupita kilo 200, na huyo hata mkiwa watu watatu anaweza kuwakatalia.

Kolekole hachoki. Anapigana kwa ubavu, mwili wake mpana ukiwa umeuelekea mkondo, na mkononi unasikia mapigo ya mkia ya harakaharaka yasiyokoma. Anapenda pia kuuburuza mshipi kwenye ukingo wa mwamba. Sogeza chombo maji mapana wakati anakimbia. Usimngoje amalize.

Jodari hatikisi kichwa. Anaondoka kwa mwendo mmoja, mbali, kisha chini, chini tena. Hawezi kusimama, kwa kuwa hupumua kwa kuogelea, na ndiyo maana mwishoni huzunguka chini ya chombo. Katika mzunguko huo kuna nusu anayokuja kwako na nusu anayokwenda. Vuta anapokuja, shika anapokwenda, na usibadilishe mpango huo hata mikono ikilia. Ukimwachia apumzike dakika mbili, unaanza upya.

Nguru ni kasi tupu, karibu na uso wa maji, anakwenda kulia na ghafla yuko kushoto. Mshipi ukilegea usidhani ameondoka. Vuta kwanza uone. Mzia hufanana naye mwanzoni, kisha huwa mzito bila uhai mpaka anapoona chombo.

Papa huanza taratibu, kana kwamba hajui ameshikwa. Halafu anajiviringisha, na unahisi mshipi ukikwaruzwa kwenye ngozi yake. Huo mkwaruzo ukiuhisi, jua nailoni iliyo juu ya waya inaliwa.

Taa hana mapigo kabisa. Anakwenda kidogo, analala, na hapo ni kama kuvuta mlango uliolazwa chini ya bahari. Usivute wima. Sogeza chombo, mvute kwa pembeni apate kuinuka.

Songoro ndiye mwongo wao. Huja mpole hadi ubavuni mwa chombo, unasema huyu mdogo, unamwingiza akiwa mzima, na huko ndani ndiko anakoanzisha vita kati ya miguu ya watu na chupa za maji. Mkunga hurudi kinyumenyume akijisokota, na mshipi wako utapanda umesokoteka. Sulisuli hahitaji maelezo: mshipi unapanda juu ghafla, naye anaruka nje.

Akishaonekana

14. Kwanza utaona weupe au mng'ao, kina cha pima nne tano. Yeye naye amekuona. Mbio ya mwisho inakuja, na samaki wengi hupotea hapa kwa sababu mvuvi alikwisha kushangilia. Legeza vidole, mshipi uwe tayari kuondoka, beseni liwe safi.

15. Mmoja ashike kipande cha mwisho kwa glavu, bila kukizungusha mkononi. Mwingine aingize kulabu nyuma ya kichwa, mgongoni, kwa mvuto mmoja. Kulabu isipite juu ya mshipi. Usimfuate samaki na kulabu kama anayetwanga; subiri alale ubavu.

16. Rungu kichwani, juu ya macho, akiwa bado ubavuni. Kisha ndani.

Papa mkubwa na taa mwenye mwiba msiwaingize. Kata kipande cha mwisho karibu na ndoana kadiri mnavyofikia salama. Aliyechomwa na mwiba wa taa, sehemu iwekwe kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia bila kuungua, na aende hospitali.

17. Jodari mtoe damu papo hapo, kata nyuma ya pezi la ubavuni pande zote mbili na kwenye matamvua, kisha barafu. Mwili wake una joto kuliko maji, na akiachwa juani nyama yake hutengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi. Wanaovimba uso na kuwashwa baada ya kula jodari mara nyingi wamekula wa namna hiyo.

Neno moja kwa watu wa Tanga. Tangu 2003 majarife, nyavu kubwa za kutega, ya kina kirefu huko yamewahi kupandisha silikanti, samaki mzito mwenye mapezi manene kama miguu mifupi, na hifadhi iliyoanzishwa 2009 inabeba jina lake. Ikitokea mshipi wako ukamleta huyo, si kitoweo. Mrudishe na utoe taarifa kwa watu wa hifadhi.

Yakitokea haya

*Sijui kama ni samaki au mwamba.* Shika mshipi bila kuvuta na uangalie wimbi. Kama unakaza chombo kinapopanda na kulegea kinaposhuka, kwa kipimo kilekile, ni mwamba. Samaki hafuati wimbi. Wakati mwingine ukiupiga mshipi kidole kama uzi wa udi, samaki aliyelala hushtuka na kujibu.

*Ameingia pangoni.* Kuvuta zaidi kunasaga mshipi tu. Legeza kabisa, pima mbili au tatu, na usubiri dakika tano hadi kumi. Chewa asipohisi mvuto hutoka mwenyewe. Mshipi ukianza kutembea, mnyang'anye zile pima tano kwa nguvu zote. Asipotoka mara mbili, kata.

*Mshipi umekatika, sijui kwa nini.* Usiutupe, utazame mwisho wake. Ukiwa umejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza. Ukiwa umekatwa safi, ni meno, na kesho weka waya. Ukiwa na manyoya na mikwaruzo ya urefu wa kiganja au zaidi, ni mwamba au ngozi ya papa. Ukiwa umenyooka na kuwa mwembamba kabla ya kukatika, ulikataa kumwachia.

*Ndoana imerudi imenyooka.* Ilikuwa nyembamba kwa mshipi ule, au ilishika kwa ncha tu. Nunua yenye shina nene zaidi, si lazima kubwa zaidi.

*Nimepandisha kichwa kitupu.* Papa amechukua fungu lake. Akishajifunza njia atarudi, kwa hiyo hamia mahali pengine, mbali.

*Nimemnasa kasa.* Utamjua kwa mapigo ya taratibu yanayopanda juu. Ni mnyama anayelindwa. Mlete ubavuni bila kulabu, kata mshipi karibu kabisa na ndoana, na usimwachie akiwa na pima kumi za nailoni zinazomfuata.

*Ndoana imeingia mkononi.* Kata mshipi kwanza, samaki aende. Ikiwa kibau cha ndoana, ile ncha ndogo inayoelekea nyuma, kimezama nyamani, usiivute kinyume. Funga kitambaa isicheze na urudi pwani. Karibu na jicho au kwenye kiungo, hakuna mjadala, ni hospitali.

*Nimetupa dumu na sasa silioni.* Kabla ya kuondoka tazama alama za bara, mnazi na paa la msikiti vikiwa vimepangana vipi, ili ujue ulipoanzia. Simama, tafuta upande mkondo unakoelekea, na uvuke eneo kwa mistari badala ya kuzunguka. Dumu la lita 10 likizamishwa humvuta samaki juu kwa karibu kilo 10, kwa hiyo mara nyingi huibuka baada ya dakika chache. Likiibuka, lisogelee kwa nyuma, chukua kamba kwa kulabu, na urudi hatua ya 13. Jua likianza kuinama na hujaliona, geuza omo kuelekea nyumbani.